Kinga za Alumini Ubavuni mwa Pikapu: Anza kwa Kulala Chini ya Gari

Wasomaji wenye pikapu za porini mnaendelea kuuliza jambo lilelile. Mwenye Hilux ya kupeleka wageni Natron, mwenye D-Max ya mradi wa maji Marsabit, mwenye Land Cruiser ya mashine za visima Dodoma, wote mnataka kujua: tufunge kinga za alumini pembeni, au tubaki na chuma? Na tukiamua alumini, tutazijuaje zilizo za kweli?

Alumini inawafaa wengi wenu. Ila sehemu kubwa ya vitu vinavyoning'inia madukani kwa jina la kinga ni ngazi za kukanyagia, na ngazi haikingi kitu. Ukisimama pembeni ya gari hutaiona tofauti. Inaonekana ukilala chini.

Unalinda nini hasa

Chini ya milango ya pikapu kuna kizingiti, ule ukingo mrefu wa bodi uliotengenezwa kwa mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa. Mwamba ukikipiga kikaingia ndani, mlango hausikilizani tena na fremu yake, maji yanapita, vumbi linapita, na fundi wa bodi hana njia ila kukata na kuchomelea kipya. Kazi hiyo ni ghali, na gari haliwi lile lile tena.

Kebini ya pikapu imekaa juu ya chesisi kwa mipira. Kwa hiyo kinga iliyoshikwa kwenye bodi inapopigwa, kipigo kinakwenda kwenye kizingiti kilekile ulichotaka kukilinda. Kinga ya kweli hupeleka uzito kwenye chesisi, na ndiyo maana nasema ulale chini. Fuata kila mkono wa kinga kwa kidole hadi unapoishia:

- Ukiishia kwenye bati la bodi kwa bolti ndogo mbili, hiyo ni ngazi. Inabeba mtu, haibebi gari.
- Ukiishia kwenye chesisi kwa kipande chembamba cha bati lililokunjwa, ni ngazi iliyofungwa vizuri zaidi. Bado haibebi gari.
- Ukiishia kwenye chesisi kwa bamba nene lenye bolti nne au zaidi, juu na chini ya boriti ya chesisi au pande zake mbili, hapo tunaweza kuendelea kuzungumza.

Pikapu ya dabo kebini ikiwa tupu ina karibu tani mbili, na ikishiba mzigo hukaribia tatu. Inapoteleza ikaketi juu ya jiwe kwa ubavu, upande mmoja unaweza kubebeshwa hadi nusu ya uzito huo, tena kwa kishindo. Kazi ya kinga ni hiyo.

Wepesi: hesabu halisi, si ya muuzaji

Muuzaji atakwambia alumini ni nyepesi mara tatu kuliko chuma. Kipande kwa kipande, anasema kweli: mita ya ujazo ya alumini ina kilo 2,700, ya chuma karibu 7,850. Asichokwambia ni kwamba alumini pia ina theluthi moja tu ya ukakamavu wa chuma. Ukichukua bomba la chuma ukalitengeneza vilevile kwa alumini, unene uleule na upana uleule, litanesa mara tatu zaidi, na kinga inayonesa hufika kwenye kizingiti.

Kwa hiyo bomba la alumini lazima liwe pana zaidi au nene zaidi. Tazama mfano:

- Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 48, unene wa 3: karibu kilo 3.3 kwa mita.
- La alumini lenye ukakamavu wa kukaribiana nalo, milimita 70 kwa unene wa 3: karibu kilo 1.7.
- La alumini lenye ukuta mnene wa kuhimili ncha ya mwamba, milimita 60 kwa unene wa 5: karibu kilo 2.3.

La pili ni jepesi lakini ukuta wake utabonyea. Mimi ningechukua la tatu. Maana yake, akiba ya kweli iko kati ya theluthi na nusu. Jozi ya chuma ya dabo kebini kwa kawaida ina kilo 45 hadi 80 kutegemea ujenzi. Kwa alumini iliyotengenezwa kwa uaminifu utapunguza kilo 20 au 30. Anayekuahidi theluthi mbili amekuuzia bomba la vipimo vya chuma, na litapinda.

Je, kilo 25 zina maana? Kwenye mafuta, hapana. Ni chini ya asilimia moja ya uzito wa gari lililobeba mzigo, na hutaona tofauti kwenye pampu. Maana yake iko kwenye jumla. Bampa la chuma mbele, winchi, kanopi, tenti juu, betri ya pili, madumu ya dizeli (lita 60 ni karibu kilo 50), maji lita 40: hayo yote yanahesabiwa kwenye uzito ambao mtengenezaji aliruhusu. Soma kibao cha gari lako, pima gari kwenye mizani likiwa limefungwa kama unavyosafiri, utoe. Wengi watakuta wamebakiwa na nafasi ndogo sana, na hao ndio ambao kilo 25 zinawapa maji ya siku mbili ya familia jangwani.

Nani anunue chuma na asihangaike

Sipendi ushauri unaomfaa kila mtu. Kama umo katika orodha hii, alumini si yako:

- Unayepita mawe kila siku kwa kazi: njia za mawe ya volkano kuelekea Ziwa Turkana, machimbo, au matumbawe makali ya pwani. Chuma huteleza juu ya mwamba. Alumini hung'ang'ania, mwamba unachimba mfereji ndani yake, na gari linakwama pale pale.
- Unayefanya kazi mbali na mji. Chuma kinachomelewa kwa jenereta na fito za kuchomelea karibu kijiji chochote. Alumini inahitaji mashine ya TIG au MIG iliyoandaliwa, gesi ya agoni, na mkono uliozoea.
- Unayejiandaa kwa Rhino Charge au mashindano ya aina hiyo, ambapo gari hukatiza vichaka na makorongo makusudi.
- Gari lako bado lina nafasi kubwa ya uzito. Weka pesa yako kwenye matairi.

Anayebaki ni yule anayesafiri mbali na mzigo, anayekutana na jiwe au kisiki mara chache, lakini siku hiyo ikifika hataki kizingiti kiende. Kwake alumini ni chaguo zuri kabisa.

Alumini gani?

Swali hili muuzaji hulikwepa, nanyi mnamwachia. Alumini zina namba, na namba ndiyo kila kitu.

*6063.* Hii ni ya madirisha na milango ya vioo. Inatoka vizuri kwenye kiwanda cha kusukuma maumbo, inang'aa, inapatikana kila mtaa. Ni laini na kuta zake ni nyembamba. Fundi wako wa madirisha anaweza kuwa hodari sana katika kazi yake, lakini usimpe kazi hii kwa malighafi hiyo.

*6061-T6.* Ya mabomba ya kubebea uzito. Huanza kupinda moja kwa moja kwenye karibu megapaskali 276, wakati chuma cha kawaida cha mabomba huanza kwenye karibu 250. Anayesema alumini ni laini hajakutana na hii. Ina kasoro moja kubwa nitakayoieleza hapa chini.

*5083 na 5052.* Mabamba ya boti. Nguvu yake ya awali ni ndogo kuliko ya 6061-T6, ila hupoteza kidogo inapochomelewa, na 5083 hasa inahimili maji ya chumvi vizuri sana. Kwa mabamba ya mikono na ya kukanyagia naipendelea hii.

Muuzaji asipojua namba, au akisema ni "alumini ya ndege", rudisha pochi mfukoni. Unene wa ukuta wa bomba kuu usiwe chini ya milimita 5. Ulizia uone lilipokatwa, upime mwenyewe.

Mahali inapovunjikia

Soma sehemu hii mara mbili.

Nguvu ya 6061-T6 imepatikana kwa kupashwa moto na kupoozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Fundi anapochomelea, joto linaufuta utaratibu huo katika eneo la sentimita kadhaa kuzunguka mshono, na hapo nguvu inashuka hadi karibu nusu. Bomba linabaki imara kote, isipokuwa pale lilipounganishwa na mkono. Na gari likikalia jiwe, mahali panapobeba mkunjo mkubwa kuliko pote ni papo hapo, shinani mwa mkono. Sehemu dhaifu na mzigo mkubwa vimekutana.

Ndiyo maana kinga nyingi za alumini hazipindi polepole kama chuma. Zinapasuka kwenye mshono. Tafuta haya:

- Mikono mitatu kila upande kwa uchache. Minne kwa dabo kebini ndefu.
- Bamba la pembetatu la kuimarisha kila shina la mkono, lililoongezwa pande mbili.
- Mshono mpana usio na matundu wala masizi meusi. Masizi ni dalili kwamba alumini haikusafishwa. Ngozi yake ya juu huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 2,000 wakati alumini yenyewe ya ndani huyeyuka kwenye karibu 660. Isipokwanguliwa kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, inanaswa ndani ya mshono.
- Mishono isiyosagwa kwa grainda ili ipendeze. Kusaga kunaondoa nyama unayoihitaji.

Ujenzi ninaoupenda kuliko wote ni mchanganyiko: mabano na mikono ya chuma kwenye chesisi, reli ya alumini (lile bomba kuu) juu yake, vyote vikishikana kwa bolti. Unapoteza kilo chache za akiba. Lakini shina linakuwa la chuma, na reli ikiharibika unabadilisha reli peke yake. Muuzaji mwenye kinga ya namna hii amefikiria kazi yako.

Kuhusu rangi: kwa macho yangu alumini bila rangi ndiyo bora. Haishiki kutu nyekundu, na ufa unauona mapema. Rangi nene ya unga hupendeza siku ya kwanza, kisha mwamba unaibandua na ufa unajificha chini ya iliyobaki.

Bolti, si kuchomelea kwenye chesisi

Alumini haichomelewi kwenye chuma kwa njia za gereji. Fundi akikuambia inawezekana, ondoka. Mabano ya chuma yanaweza kuchomelewa kwenye chesisi, lakini kwa gari la kazi sishauri: unaweka joto kwenye boriti inayojipinda maisha yake yote, na dhamana ya gari inaweza kukataliwa.

Bolti zifuate masharti haya:

1. Daraja 8.8 au zaidi. Namba imepigwa kwenye kichwa cha bolti, isipokuwepo, usiipokee.
2. Zitumie matundu yaliyopo ya chesisi au zikumbatie boriti. Usitoboe matundu mapya kwenye chesisi bila maelekezo ya mtengenezaji.
3. Bolti ikipita katikati ya bomba la mraba, ndani kuwe na kipande cha bomba dogo la kuzuia kuta zisibonyee unapokaza.
4. Upande wa alumini weka washa pana. Alumini hukubali kubonyea chini ya nati ndogo, na bolti inalegea yenyewe.
5. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu. Rudia baada ya kilomita 100, kisha baada ya 1,000.

Kabla ya kukaza chochote, tazama upande wa ndani wa boriti. Mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya hupita hapo. Bano likiyagusa, mtikisiko wa barabara ya makorongo utayakata. Kwa ekzosi acha nafasi ya kutosha.

Chumvi na magadi

Wengi mmeona Land Rover za zamani: mabamba ya alumini ya bodi bado mazima baada ya miongo mingi, lakini pale yanapogusana na fremu ya chuma kuna unga mweupe na malengelenge. Alumini na chuma vikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa Mombasa, Tanga, Unguja na pwani yote, hili si la kupuuza.

Kinga yake ni kuvitenganisha. Weka bamba jembamba la nailoni au plastiki ngumu kati ya alumini na chuma, na kibomba cha plastiki kuzunguka bolti. Usitumie mpira laini: unabonyea, na bolti inalegea. Paka grisi nzito kabla ya kuunganisha.

Wa bara mna adui wenu. Ngozi inayolinda alumini inastahimili maji ya kawaida, lakini huyeyushwa na magadi makali. Tope la Natron, la Ziwa Magadi na la maeneo kama hayo likikaa siku nyingi, utaona madoa na vishimo. Osha kwa maji mengi matamu mara utokapo. Simenti mbichi nayo hula alumini vivyo hivyo, kwa hiyo wenye pikapu za ujenzi suuzeni siku ileile. Na waambieni vijana wa kuosha magari wasitumie sabuni za kuondoa grisi zenye kostiki soda.

Umbo

Haraka haraka: reli iinuke kidogo kwenda nje, itokeze nje ya ukingo wa bodi, na nyuma ipanuke ili ukizunguka mti au jiwe isukume gari pembeni kabla boksi la mzigo halijagonga. Chini iwe laini, bila vichwa vya bolti vinavyochungulia, kwa sababu kila kichwa ni kulabu. Kati ya reli na kizingiti iachwe nafasi ya vidole viwili.

Jaribio la jeki kabla ya kulipa yote

Mwambie muuzaji utalipa kiasi cha mwisho baada ya hili. Fanya kwenye sakafu ngumu, magurudumu yamezuiwa kwa mawe au vigingi, breki ya mkono imevutwa, hakuna mtu ndani wala chini ya gari.

1. Pima nafasi kati ya reli na kizingiti sehemu tatu.
2. Weka jeki ya magurudumu katikati ya reli, kati ya mikono miwili, na kipande cha mbao juu yake.
3. Inua hadi matairi ya upande huo yaache kubeba.
4. Pima tena. Reli ikigusa bodi, haifai.
5. Shusha, upime mara ya tatu. Vipimo visiporudi vilivyokuwa, reli imepinda, na gari lilikuwa tupu!

Kwa jeki ndefu ya meno aina ya Hi-Lift, usiweke ulimi wake moja kwa moja kwenye bomba la mviringo la alumini. Unateleza, nayo jeki hiyo ikiteleza huvunja mikono ya watu. Dai kishikio maalumu au reli yenye sehemu bapa.

Mnaouliza kuhusu kuagiza nje

Kinga nyingi za alumini kwenye soko la dunia zimetengenezwa kwa ajili ya pikapu za Marekani. Za Tacoma haziingii kwenye Hilux, kwa sababu chesisi ni tofauti ingawa kampuni ni moja. Hata Hilux yenyewe, kizazi kilichoanza 2015 si sawa na kilichotangulia. Mpe muuzaji mwaka, aina ya kebini, upande wa usukani na picha za boriti kutoka chini, pande zote mbili. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Uarabuni yana usukani wa kushoto, na mpangilio wa mabomba chini unaweza kutofautiana na wa gari lako.

Za mitumba? Ya chuma, ndiyo. Ya alumini, hapana, isipokuwa unajua ilikotoka, kwani huwezi kujua ilivyopigwa.

Ikishapigwa

Siku moja itapigwa, maana ndiyo kazi yake. Ukifika nyumbani, osha shina la kila mkono na ulikague kwa tochi. Maduka ya vifaa vya uchomeleaji huuza dawa ya rangi nyekundu ya kuonyesha nyufa. Pulizia, subiri ipenye, futa, kisha pulizia ile nyeupe ya kuivuta nje, na ufa utajichora. Mikwaruzo na mifereji midogo chini ya reli ilainishe kwa tupa isije ikanasa jiwe lijalo.

Reli iliyopinda isinyooshwe kwa moto. Chuma kikipashwa hubadilika rangi na fundi akajua afike wapi. Alumini haionyeshi chochote hadi inapodondoka, na hata isipodondoka imeshapoteza nguvu yake. Kunyoosha kwa baridi nako huweza kuacha nyufa. Badilisha. Kwa sababu hiyo, siku unaponunua, muulize muuzaji kama atakuuzia reli ya upande mmoja peke yake baada ya miaka miwili, na aandike jibu lake kwenye risiti.